Mradi wa kiporo: mrejesho wa jeni za sumu kwenye wali wa Mbeya

Wakuu nimerudi na mrejesho. Kwa mgeni, nachukua wali uliolala wa mama ntilie wa Mwanjelwa na Soweto, natoa humo bakteria anaitwa Bacillus cereus, halafu jioni naangalia jeni zake za sumu kwa PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA mpaka kionekane) kwenye maabara ninayoazimwa meza.

Huku watu wanaamini baridi ya mwezi wa sita ni friji tosha. Sasa nilichomeka kipimajoto katikati ya sufuria kubwa la ubwabwa wa msibani, limefunikwa, nje watu wamejifunga mablanketi na saa sita usiku humo ndani bado nyuzi 43, yaani cereus kapata gesti. Spora zake, yaani mbegu ngumu anazojihifadhia, hazifi kwa kuchemsha, tena kwa mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, zinasubiri wali upoe ndo zichipue.

Kwenye agari ya MYP (chakula cha kuoteshea bakteria huyu) koloni, yaani vishungi vya bakteria, zimetoka za pinki, kavukavu, kila moja na ukungu mweupe kuizunguka, na kwa macho zote zinafanana. Kwenye PCR jeni ya sumu inayoitwa nhe imetoa bendi (mstari wa kuonyesha jeni ipo) karibu kwa zote, mwenzangu akaanza kushangilia nikamwambia tulia, hiyo karibu kila cereus anayo haituambii kitu. hbl zipo baadhi, hizo ni za kuharisha, saa 8 mpaka 16 baada ya kula. Mimi naitafuta ces, inakaa kwenye plazmidi kubwa (DNA ya pembeni ya bakteria) na inatengeneza cereulide, sumu ya kutapisha, nusu saa mpaka saa 6 tu ushaanza. Hii sumu inatengenezwa kwenye wali kabla hujala na inavumilia nyuzi 121 kwa dakika 90, kwaiyo ukipasha kiporo asubuhi bakteria wanakufa ila sumu unaila ikiwa ya moto.

Praima (vipande vya DNA vya kutafutia jeni kwenye PCR) ni hela jamani, so nachuja kwanza. Wenye ces mara nyingi hawamalizi wanga, kwaiyo naotesha koloni kwenye agari ya wanga halafu namwagia iodini, sahani yote inakua bluu nyeusi, wanaokula wanga wanaacha duara jeupe na wasioacha duara ndo wanaenda PCR (hamishia koloni kidogo kwenye sahani nyingine kabla, iodini inaua).

Mpaka saivi ces hamna, na kontroli chanya (sampuli inayojulikana ina ces) inatoa bendi safi kabisa kwaiyo praima hazina shida. Hata ikitokea, kua na jeni sio kwamba sumu ipo kwenye sahani ya wali, hiyo inataka kipimo kingine.

Mama mmoja kaniuliza mwanangu wali wangu una nini, nikamwambia mama huo uliobaki utandaze kwenye masinia upoe haraka, akacheka, masinia yote hayo utaninunulia wewe?

Zinazofuata ni pilau za shughuli na wali wa kwenye hotpoti.