Udaktari nilioanzia kwenye tumbo la sambaza

Kila msimu wa bursa, yaani ufadhili wa masomo, ukikaribia, vijana wa biolojia hapa Bukavu wananijia na swali lile lile: "Madamu, niandike nini ili profesa wa Ulaya anipokee kwa udaktari (PhD)?" Nimewajibu mmoja mmoja, kwenye simu na kwenye korido za chuo. Leo najibu hapa kwa wote. Usiombe nafasi ya kwenda kutafuta swali. Nenda na swali ambalo umeshaanza kulifanyia kazi, na kaye, yaani daftari, yenye namba ulizozipata mwenyewe, hata zikiwa chache.

Swali langu lilikuwa chakula cha sambaza, samaki mdogo anayevuliwa Ziwa Kivu.

Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Alitolewa Ziwa Tanganyika akamwagwa humu kati ya 1958 na 1960, kwa sababu maji ya katikati ya ziwa hayakuwa na samaki wa kula planktoni, yaani vimelea na vidudu vidogo vinavyoelea majini. Leo ukishuka sokoni Kadutu unamkuta mbichi na mkavu, na jioni nyumba nyingi zinanukia yeye. Lakini mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Henri Dumont, aliandika kwamba mgeni huyu amelifyeka ziwa: zooplanktoni, yaani vile vidudu vinavyoelea, imepungua, na Daphnia curvirostris, kidudu kikubwa kilicholiwa kwa urahisi, hakionekani tena. Nilisoma makala hayo nikiwa asistanti, na yakaninyima raha. Wavuvi walikuwa bado wanatoka kila jioni na kurudi na samaki. Sasa huyu sambaza anaishi kwa nini? Na miezi ambayo chakula ni haba anafanyaje?

Nilianza na nilichokuwa nacho. Alfajiri nilishuka ufukweni kungoja ekipi zirudi: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, taa mbele. Nilinunua sambaza kabla akina mama hawajajaza mabeseni yao, nikawatia kwenye formalini pale pale, maana samaki aliyekufa anaendelea kumeng'enya alichokula, na ukichelewa unakuta uji tu.

Kazi yenyewe ni ya subira. Samaki ana urefu wa kidole. Unampasua kwa mkasi mdogo kuanzia nyuma hadi karibu na mashavu, unatoa tumbo, unalifungua kwenye kisahani chenye tone la maji, kisha unainama kwenye binokula. Unachokiona kwanza ni takataka: vipande vya miguu, magamba, kitu cha rangi ya chai. Ukizoea, macho yanaanza kupanga. Kopepodi, kidudu kidogo cha majini cha jamii ya kamba, hahesabiwi kwa miguu kwa sababu miguu imetawanyika. Anahesabiwa kwa kichwa, penye jicho moja jekundu, au kwa mkia uliogawanyika pacha. Jike mwenye mayai anabeba mifuko miwili, mmoja kila upande, na wakati mwingine mifuko hiyo inabaki mizima ilhali mwenyewe ameshasagika. Nilikuwa na biki mkono wa kulia na jicho kwenye lenzi, naweka vijiti kwenye kaye bila kuangalia karatasi. Kopepodi walikuwa wengi kuliko kitu kingine chochote. Kwa samaki wakubwa nikakuta na wadudu, na mara chache watoto wa sambaza wenyewe.

Jedwali lililotoka kwenye kaye ile ndilo lililokuwa moyo wa barua yangu ya kwanza kwa promota, profesa wa kusimamia udaktari. Sikumwandikia kwamba napenda sayansi tangu utotoni. Aya ya kwanza ilisema ziwa ni lipi na tatizo ni lipi. Ya pili ilionyesha nilichokipata. Ya tatu, ambayo naamini ndiyo iliyonifungulia mlango, ilisema ninachokikosa: tumbo linaonyesha mlo wa usiku mmoja, lakini isotopu (atomi za aina moja zenye uzito tofauti) za kaboni na naitrojeni ndani ya nyama zinaonyesha mlo wa wiki nyingi, na mashine ya kuzipima sina. Profesa akisoma hivyo anaelewa kwa nini unamhitaji yeye na si mwingine. Anaelewa pia kwamba wewe una kitu asichokuwa nacho, yaani ziwa na watu wanaokufahamu pale ufukweni. Jibu lake lilikuwa fupi: nitumie kaye nzima.

Karatasi nyingine zinachosha ila hazina siri. Diploma, orodha ya maksi, barua za mapendekezo, pasipoti. Pasipoti ianze kwanza.

Nilisoma kwa kugawanya, miezi kadhaa Namur, Ubelgiji, kule mito ya Meuse na Sambre inapokutana, na miezi kadhaa hapa. Katika mfumo wao udaktari ni kredi 180, na 60 kati ya hizo ni za mafunzo: kozi, semina, makala, kuzungumza mbele ya wenzako. Usizidharau. Mimi ni kule nilikojifunza takwimu kwa dhati. Mapema kuna mtihani wa kuthibitisha kwamba mradi wako unasimama, na kamati inayokufuata inauliza maswali bila huruma na bila ubaya.

Sampuli za isotopu hazitaki formalini, inaharibu vipimo. Zinataka kukaushwa kwenye oveni kwenye nyuzi 60 hivi, na hapa umeme unakatika unapotaka. Nililala labo mara nyingi ili ukirudi usiku wa manane niwe pale. Nyama ikishakauka unaisaga iwe unga laini, na kule Ulaya unapima kiasi kisichozidi hata miligramu moja, unakifunga kwenye kikapsuli cha bati kwa koleo ndogo. Chafya moja na asubuhi nzima imepotea. Na kabla ya unga huo kuvuka mpaka, lazima uwe na kibali. Kongo ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya mali ya kibiolojia ya nchi, na mali ya kibiolojia ya nchi haiondoki kwenye mfuko wa koti. Nawasihi vijana walishike hilo kwa nguvu. Wengi walichukua vya kwetu zamani bila kuuliza mtu.

Mitihani ya mwisho ni miwili. Ule wa hadharani, na familia na maua, ni sherehe. Mtihani wa kweli ni ule wa faragha, jopo na wewe, mlango umefungwa. Mmoja wao alifungua ukurasa wa tarehe zangu akauliza kwa nini kila mwezi kuna pengo. Nikamwambia ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi inapotea katika mwanga, sambaza hawakusanyiki, na ekipi zinabaki nchi kavu. Hakuna ekipi, hakuna samaki wa kupasua. Nikaongeza kwamba yeyote anayetegemea samaki wa wavuvi wa taa ana pengo hilo, na ndiyo maana nilivuta wavu wa planktoni mwenyewe hadi mita 60 katika usiku ule, ili nijue chakula kiko wapi hata kama samaki simpati. Kapita mmoja, kiongozi wa ekipi, wa mtaa wa Nguba ndiye aliyenifundisha habari za mbalamwezi, kabla sijaisoma popote. Niliitamka kazi yake mbele ya jopo, na jina lake liko kwenye ukurasa wa shukrani.

Niliporudi nilimpelekea matokeo, yeye na wenzake, tukakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Nikawaeleza upepo wa kiangazi, Juni hadi Septemba, unavyoyakoroga maji ya juu na kupandisha virutubisho, mwani unaongezeka, na kopepodi nao. Akasikiliza hadi mwisho. "Sasa Madamu, tuvue zaidi kipindi hicho au tuwaache wazae?" Tesi yangu haikumjibu. Ndilo swali ninalolifanyia kazi sasa.

Mnaoomba leo mna mzigo ambao mimi sikuubeba. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa Februari 2025 vita vilipofika mjini, benki nazo zikafunga, na kwenda Kinshasa kwa ajili ya viza kumekuwa safari ya kuzunguka nchi za watu. Sina la kuwapunguzia hapo, ila waandikieni mapromota wenu ukweli wa hali, mapema, na muombe mahojiano kwa video. Wengi wanaelewa wakiambiwa.

Kaye haihitaji viza. Wanafunzi wawili katika labo yetu wameanza na Lamprichthys tanganicanus, samaki mgeni mwingine kutoka Ziwa Tanganyika aliyeonekana Kivu mwaka 2006. Wanapasua matumbo yake na ya sambaza waliovuliwa usiku mmoja, waone kama wanagombania mlo. Barua zao bado hazijaandikwa. Jedwali limefika ukurasa wa nne.