Kisado Kilichogongwa Kitako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii usingizi umenipaa, na chanzo ni filamu.

Kijana wangu aliniwekea kwenye simu filamu ya zamani ya Marekani, Save the Tiger, ya mwaka 1973. Jack Lemmon anaigiza mfanyabiashara aitwaye Harry Stoner, mwenye kampuni ya nguo kule Los Angeles. Fedha zimekata. Hesabu za vitabu alishazichezea. Sasa anatafuta mtu wa kuchoma moto jengo lao ili wavune bima. Mwenzake hataki. Harry ana sababu: kuna wafanyakazi, kuna mishahara. Hapo ndipo niliposhikwa, maana na mimi nilikuwa na sababu.

Mwaka 2024 Serikali ilipopumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, meza yangu ya dagaa pale Mwanga, Kigoma, ilikauka. Sikupinga, ziwa lilihitaji pumziko. Ila marejesho ya kikoba hayakupumzika, na ada ya mtoto ilidaiwa. Nilikuwa na magunia machache ya dagaa niliyoyaweka akiba. Jioni moja nikachukua jiwe, nikagonga kitako cha kisado changu, kopo langu la kupimia, kikaingia ndani. Kidogo tu. Nikapimia watu hivyo hadi magunia yakaisha, kisha Jumapili nikasimama kanisani kushuhudia kwamba Bwana amenipigania. Mkanipigia vigelegele.

Wapendwa, Mithali 11:1 tunaijua bila kufungua Biblia: mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Tatizo tunaisoma kama barua ya matajiri. Kwangu Shetani alikuja ameshika karatasi ya ada, akanisemesha kwa upole kama ndugu.

Tumtazame Zakayo. Hakulia. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne. Sisi tunalia madhabahuni, tunafuta machozi, Jumatatu tunarudi na kopo lilelile. Wewe unayeacha mchanga kwenye dagaa ili uzito upande, wewe unayechakachua mawese, wewe fundi unayebakiza kitambaa cha mteja, umemwomba Mungu msamaha, sawa. Na yule uliyempunja? Au umemwachia Mungu amlipe kwa niaba yako? Toba ina mlango wa mtu wa kwenda kubisha hodi. Nasema kwa ukali kwa sababu nimeukwepa mlango huo tangu mwaka ule.

Kisado kile nilikitupa zamani, nikadhani yamekwisha. Lakini yupo mama lishe mmoja wa Ujiji aliyekuwa akichukua kwangu visado vitatu kila Ijumaa. Hakuwahi kulalamika, aliniita dada. Nimeshampimia debe zima, liko jikoni kwangu limefunikwa. Alhamisi alfajiri, kabla sijafungua meza, nitampelekea, na nitamweleza ni la nini. Niombeeni nisigeuze njiani.