Tarumbeta mbili za fedha

Hapa Moshi, ambako bendi za tarumbeta za sharika za Kilutheri husikika kwenye ibada, harusi na mazishi, ni rahisi kusoma sura ya 10 ya kitabu cha Hesabu katika Biblia na kudhani kwamba Musa aliagizwa kutengeneza ala za muziki. Sivyo. Zile tarumbeta mbili zilizofuliwa kwa fedha zilikuwa kwanza chombo cha kuongoza kambi ya Waisraeli jangwani, na waliokabidhiwa kuzipiga walikuwa makuhani, wana wa Haruni.

Kinachonivutia zaidi ni utaratibu wenyewe. Zikipigwa zote mbili, mkutano wote ulikusanyika mlangoni pa hema ya kukutania. Ikipigwa moja, walikuja wakuu peke yao. Sauti ya kugutusha, yaani mlio wa kushtua, ilikuwa na kazi nyingine kabisa: ya kwanza iliziondoa kambi za mashariki, zilizoongozwa na kabila la Yuda, na ya pili zile za kusini, chini ya kabila la Reubeni, utaratibu ambao, kwa maoni yangu, uliuepusha umati ule na msongamano wakati wa kung'oa mahema. Andiko linakataza wazi kugutusha pale watu wanapokusanywa, sharti ambalo mwalimu yeyote wa bendi angelielewa mara moja.

Vita, sikukuu na mwandamo wa mwezi navyo vilikuwa na milio yake. Tarumbeta za hekalu la baadaye zimechongwa kwenye Tao la Tito, lango la ukumbusho wa ushindi mjini Roma, miongoni mwa nyara za Yerusalemu iliyoangushwa na Warumi mwaka 70: ni ndefu na zimenyooka, hazina mikunjo kama hizi zetu.