Jinsi nilivyookoa nywele za mdogo wangu baada ya blichi ya nyumbani

Nywele nyeusi zikipakwa blichi hazifiki kwenye rangi ya dhahabu kwa mara moja. Hupita kwanza kwenye wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano iliyokoza, na mwisho manjano ya mpauko, kwa sababu melanini (chembe za rangi ya asili ya nywele) nyeusi huvunjika mapema kuliko melanini nyekundu iliyochanganyika nayo. Mdogo wangu, ninayeishi naye hapa Ng'ambo, Unguja, alijipaka blichi siku chache kabla ya harusi ya binamu yetu, na kichwa chake kikaonyesha hatua hizo karibu zote kwa pamoja: mashina yalikuwa ya manjano, katikati rangi ya chungwa, na ncha zilibaki na weusi wenye madoa ya kutu.

Kila sehemu ilikuwa na sababu yake. Mashina hupata joto la ngozi ya kichwa, na joto huharakisha kazi ya peroksaidi, ile dawa ya maji inayochanganywa na unga wa blichi, ndiyo maana wasusi wenye ujuzi huyapaka mwisho. Ncha nazo zilikuwa na piko, rangi nyeusi ya kupaka, aliyoipaka muda mrefu uliopita, na rangi ya kupakwa iliyorundikana tabaka juu ya tabaka hukaidi blichi kuliko rangi ya asili. Juu ya hayo, peroksaidi aliyouziwa dukani ilikuwa ya volyumu 40, yaani asilimia 12, wakati volyumu 20, yaani asilimia 6, hufanya kazi polepole na kumpa mtu nafasi ya kuangalia nywele zinavyokwenda.

"Dada, nirudie mara moja tu, itakaa sawa," aliniomba, kwa kuwa unga wa blichi ulikuwa umebaki. Nilikataa. Mimi ni mwalimu wa kemia, na ninajua kwamba blichi haiishii kwenye rangi: inavunja pia vifungo vya salfa vinavyoshikilia keratini, yaani protini ya unywele, na vifungo hivyo ndivyo nguvu yenyewe ya unywele. Rangi mbaya inaweza kufunikwa hata mwezi ujao, lakini unywele uliokwisha kuvunjika hauna namna ya kuunganishwa. Niliamua kwamba tutashughulikia kwanza uzima wa nywele, na rangi itafuata.

Tulisuuza kwa maji mengi ya uvuguvugu mpaka utelezi wa blichi ukaisha, kisha tukaosha kwa shampuu laini. Nilikagua ngozi ya kichwa, nikakuta wekundu kidogo nyuma ya masikio bila malengelenge. Kama ningeona malengelenge, ningempeleka hospitali na kuyaacha mengine yote. Halafu nilijaribu uimara wa nywele. Unywele wenye afya ukiwa umelowa hurefuka kwa takribani asilimia 30 ya urefu wake ukivutwa taratibu, kisha hurudi. Wa mashina ulirudi, wa katikati ulirudi kwa kuchelewa, na wa ncha ulinyooka tu kisha ukakatika. Nilimwambia wazi kwamba ncha hizo hazitatibika, tukazikata jioni ile ile.

Mama alitushauri tupake hina. "Hina haijamdhuru mtu, wanangu, na itafunika yote." Kuhusu hina safi ya majani alikuwa na haki, kwani haivunji unywele. Lakini hina juu ya nywele za manjano hutoa rangi ya chungwa inayowaka, haitoki kwa kuosha, na baadhi ya hina za pakiti huchanganywa na chumvi za metali ambazo zikikutana na peroksaidi baadaye huweza kupandisha joto na kuunguza nywele. Nilimweleza kwa heshima, naye akakubali tuiache.

Tuliamua kurudi kwenye kahawia. Hapa piko ilinitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Piko inayopakwa mikononi na kichwani huku kwetu mara nyingi huwa na kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo hupatikana pia katika rangi nyingi za nywele. Mtu ambaye mwili wake umeshaizoea kwa ubaya kupitia piko anaweza kuvimba uso na macho siku anapopakwa rangi ya saluni, hata kama piko yenyewe haikumwasha sana. Kwa hiyo nilimpaka tone la rangi nyuma ya sikio, tukasubiri saa 48 kamili, harusi ikitukaribia na yeye akilalamika. Ninawasihi wote waliowahi kupaka piko wasiruke hatua hii.

Muda huo wa kusubiri haukupotea. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele, kwa sababu asidi yake ya lauriki ina umbo dogo lililonyooka, na hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Nilimpaka usiku, akalala amefunga kitambaa cha hariri, na asubuhi tukaosha kwa maji ya mvua tuliyoyakinga, kwa kuwa maji ya kisima chetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na chokaa huzifanya nywele zilizochoka kuwa ngumu zaidi.

Msusi mmoja jirani, mtu mzima anayeijua kazi yake, alinisahihisha jambo ambalo vitabu vyangu havikuwa nalo. Nilikuwa nimechagua kahawia yenye ubaridi, yaani yenye ubuluu ndani yake, kwa kuwa buluu huzima rangi ya chungwa. Akaniambia kwamba katikati itakubali, lakini mashina ya manjano yakikutana na buluu yatageuka kijani. Alitumia kwanza rangi ya shaba kwenye mashina ili kurudisha wekundu uliopotea, ndipo akapaka kahawia yenye joto, yaani yenye wekundu ndani yake, kichwa kizima, isiyo na amonia, kwa peroksaidi ya volyumu 10. Alijaribu kwanza kwenye kishungi kidogo karibu na shingo. Alichungulia mara kwa mara pia, kwani nywele zilizopakwa blichi hunywa rangi haraka na huweza kuwa nyeusi kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Mdogo wangu alikwenda harusini na kahawia moja iliyotulia. Tangu hapo hatumii pasi ya nywele, hasuki twende kilioni za kubana, na akienda kuoga baharini hulowesha nywele kwanza kwa maji yasiyo ya chumvi ili zisinywe chumvi nyingi. Rangi hupauka upesi sehemu ya katikati, nasi huirudishia hapo tu. Nywele hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na weusi wake wa asili umeanza kuonekana. Msusi hupunguza ncha kidogo kidogo kadiri unavyoshuka.