Jinsi tulivyotoa maji yote ya mrututu darasani Lubumbashi

Hapa Lubumbashi, mji uliojengwa kwa shaba, niliona inafaa wanafunzi wangu wa kemia wapime maji yaliyofungwa ndani ya mrututu, yaani salfeti ya shaba ya buluu. Chumvi hiyo hubeba molekuli 5 za maji, hivyo gramu 5 zikikaushwa kabisa hubaki gramu 3.2, lakini makundi yote yalipata takriban 3.6. Tofauti hiyo ndiyo iliyofichua chanzo, kwa kuwa inalingana na kupotea kwa molekuli 4 tu: hizo huondoka kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi, ilhali ya tano, iliyoshikwa kwa nguvu zaidi, hudai nyuzi zaidi ya 200, na mbabula yetu, yaani jiko la makaa, ilikuwa na moto hafifu.

Tuliongeza makala (makaa), kisha tukapoza bakuli la kauri ndani ya chupa iliyofungwa vizuri yenye chokaa hai ya kukausha hewa, maana unga uliokauka hunyonya haraka unyevu wa majira ya mvua. Tulirudia kuchoma na kupima mpaka uzito ukaacha kubadilika, karibu sana na gramu 3.2. Moto usizidishwe mno: unga ukianza kuwa mweusi, chumvi yenyewe inavunjika, na kipimo hicho hakifai tena.