Mashine isishuke chini ya 1866

Februari 2021, ile barafu iliyoanguka Texas mpaka umeme ukakatika, sisi Fort Worth tulilala wote sebuleni na makoti mwilini, mtoto wa dada yangu nimemweka katikati tumejifunika mablanketi yote ya nyumba. Alikuwa na miaka tisa, tableti imekata chaji, akasema mama mdogo nisomee, nikawasha tochi ya simu tukachukua kitabu.

Zilikuwa zile hadithi anazozipenda, watoto wanaokota kitu cha zamani, saa mbovu au ufunguo, mara paap wamerudi nyuma miaka, wako Magharibi ya zamani ya Marekani kwa makoboi, farasi kila kona, mabehewa ya turubai, na wao wanachojua ni mambo ya kesho tu. Mimi nazipenda kweli, mtoto akizisoma historia inakuwa mahali pa kwenda, sio tarehe za kukariri.

Basi tukafika pale watoto wanashuka mjini, mzee mmoja anawakaribisha kwake anawapa maharage na kitanda, dogo akaniuliza, "Mama mdogo, na mimi wangenipokea?" Nikanyamaza. Akauliza hapo mwaka gani, nikamwambia 1859. "Na ni hapa hapa Texas?" Ndiyo. Shuleni alishafundishwa kwamba watumwa weusi wa Texas walitangaziwa uhuru Galveston tarehe 19 Juni 1865, kwa hiyo hesabu aliipiga mwenyewe, akafunika ukurasa na kiganja akasema, "Mimi siendi."

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia hujakosea, ila mashine ya kurudi zamani tunaiseti sisi, tuiweke 1875, Fort Smith, Arkansas, kuna mtu nataka umuone. Nikaanza kumsimulia Bass Reeves, alizaliwa mtumwa 1838, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe akatoroka akaenda kuishi kwa Wacherokee na Wacreek na Waseminole, makabila ya wenyeji wa Marekani, kwenye eneo lao, leo ndo Oklahoma, akajua lugha zao, na huo mwaka 1875 akapewa beji ya naibu mashali, yaani askari wa kusaka na kukamata wahalifu, wa serikali ya Marekani, akakamata wahalifu zaidi ya 3,000, mtu mweusi juu ya farasi na sheria mkononi. Dogo akakaa kitako kabisa.

Nikampa na kile kisa kinachosimuliwa sana, cha ndugu wawili waliokuwa wamejificha kwa mama yao, Reeves akavaa matambara, viatu kavikata visigino, kofia kaitoboa kwa risasi, akatembea kwa miguu kama kilomita 45 hivi, kafika anajifanya jambazi mwenzao aliyechoka, mama wa watu akampikia, akalala nao chumba kimoja, asubuhi wanaamka wana pingu! Mama akawafuata njiani anamtukana maili kadhaa, hapo dogo alicheka mpaka dada akaamka.

Halafu akauliza, sasa mimi nikifika kazi yangu nini? Nikamwambia Reeves hakujua kusoma, waranti, zile hati za kumkamata mtu, alikuwa anasomewa, anazishika kichwani jina kwa jina, akifika porini anajua ipi ya nani.

"Basi mimi ndo namsomea."

Yaani ilikuwa inamtosha kabisa. Kile kitabu hatukukigusa tena, hadithi akaishika yeye, anapanda farasi nyuma ya Reeves, jioni wanawasha moto anamsomea waranti moja moja kwa sauti, na Reeves anamfundisha salamu ya Kicreek. Tukabishana kidogo kama amwambie kwamba Fort Smith watakuja kumjengea sanamu mwaka 2012, yuko juu ya farasi na bunduki yake, akaamua amwambie, ila siku ya kuondoka, asije akapoteza umakini kazini.

Umeme uliporudi akataka niiandike yote kwenye daftari. Akanipa masharti mawili, mashine isiwe na namba yoyote chini ya 1866, na maharage yawepo ya kutosha, maana Bass Reeves ametembea sana.