Chifu Alipopiga Hodi Katikati ya Hesabu

Hodi ile iligongwa saa mbaya kuliko zote. Ilikuwa Februari 2019, na joto la Kisauni lilikuwa limeingia ndani likakataa kutoka, hata milango yote ikiwa wazi. Mwanangu wa pili, wa miaka sita, alikuwa amevaa kaptura tu, yuko chini ya meza na sinia la kunde, anatenga mafungu ya kumikumi. Mdogo wake alikuwa ameshaharibu mafungu mawili na punje kadhaa zimo kinywani. Dada yao wa miaka minane alikuwa mezani ananakili zaburi, ulimi nje kama kawaida yake akiandika. Mimi nilikuwa na leso kiunoni, chaki mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, kwa kuwa kulikuwa na mbaazi za nazi jikoni, na mbaazi hazimngojei mtu amalize silabi.

Nikaitikia "karibu" kabla sijatazama ni nani. Alikuwa chifu, na sare yake ya kaki, na nyuma yake mzee wa nyumba kumi anayeangalia viatu vyake. Sikuhitaji kuuliza habari zimefikaje.

"Shikamoo," watoto wakasema, hata yule wa chini ya meza.

"Marahaba. Mama, hamjambo humu?"

"Hatujambo, chifu. Karibuni mketi."

Viti vilikuwa na madaftari. Nikayaondoa, nikamfuta mdogo kinywa, nikakoroga mbaazi mara moja, nikarudi. Nilijua alichokifuata. Siku zile serikali ilikuwa imeshika kwamba kila mtoto awe shuleni, na machifu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwasaka waliobaki nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 niliijua vizuri. Mume wangu alikuwa ameichapisha kwenye saiba na kuiweka droo moja na vyeti vya kuzaliwa: mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Aliiweka pale, nadhani, ili niione kila nikitafuta cheti cha chanjo.

Tulifikaje hapo? Binti yangu alikuwa amekwenda shule. Darasa lao lilikuwa limefurika, mwalimu mmoja, na wala simlaumu mwalimu yule. Mimi mwenyewe wanangu watatu walikuwa wakinishinda. Lakini siku moja mtoto alinisomea ukurasa mzima bila kukwama, nikafurahi, kisha nikaziba ile picha ya ng'ombe kwa kiganja. Akanyamaza. Alikuwa amekariri ukurasa kwa kufuata picha. Mimi wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya ofisi baada ya kujifungua wa tatu, na shule ya Jumapili nilikuwa naifundisha kanisani kwa miaka. Nikasema, basi, nitamfundisha mwenyewe.

Watu walidhani kanisa lilinipongeza. Mchungaji wetu alinitazama akatikisa kichwa. "Sisi Wakristo wa Pwani," aliniambia, "ndio tulioletewa shule kabla ya wengine. Iweje leo tuzikimbie?" Nami sikuwa na jibu la haraka, maana ni kweli. Mmishonari Krapf alifika Mombasa 1844 na kufungua misheni Rabai miaka miwili baadaye, na watumwa waliokombolewa wakawekwa Frere Town, hapa hapa Kisauni, kuanzia 1875. Kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja. Nilichomjibu, baada ya kufikiri siku kadhaa, ni kwamba wengi wa wale wazee walianza kusomea kwenye mkeka, si kwenye dawati. Akacheka. Hakukubali.

Siku zetu zilikuwa hivi. Adhana ya msikiti wa jirani ndiyo iliyotuamsha. Sijawahi kununua saa ya mezani. Tulifanya ibada fupi sebuleni: wimbo mmoja, somo, kila mtoto aombe. Mdogo aliombea mbuzi wa jirani kila siku, na siku ya sikukuu mbuzi yule alipochinjwa tulipata kazi ya kueleza. Kisha mahamri na chai, kisha mkokoteni wa maji. Bomba la mtaa wetu hutoa maji likipenda, kwa hiyo mwenye mkokoteni ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa hesabu: mitungi sita ya lita ishirini, jumla lita ngapi? Tumenunua mitatu na kumpa noti ya mia mbili, atarudisha ngapi? Binti alimkamata mara moja amepunguza chenji, na tangu hapo yule kijana akawa anamhesabia yeye, si mimi.

Rafiki yangu mmoja wa Nyali alikuwa akiwafundishia wanawe vijitabu vya mtaala wa Kikristo kutoka Marekani. Aliniazima. Ni vizuri, vimepangika, kila ukurasa una aya ya Biblia. Lakini mtoto anaulizwa robo dola ni senti ngapi, na anachorewa majira manne yenye theluji. Mwanangu akaniuliza theluji ni kama barafu ya kwenye friji ya duka? Nikavirudisha kwa shukrani. Sisi majira yetu ni kaskazi na kusi, masika na vuli, na pesa zetu zina picha nyingine. Nikafuata silabasi ya Kenya kwa vitabu vilivyotumika, nikaongeza vyangu.

Turudi kwa chifu. Alizungusha macho sebuleni. Ukutani kulikuwa na silabi, ba be bi bo bu, na ramani ya Kenya waliyoichora watoto wenyewe, ambayo Ziwa Turkana lake lilikuwa limeteremka karibu kufika Kitui.

"Shule yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hii, chifu."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Akauliza nambari za watoto za NEMIS, ule mfumo wa serikali wa kuwasajili wanafunzi. Nikamwambia mkubwa anayo, tangu alipokuwa shule. Wa pili hana. "Mtoto bila nambari hiyo, mama, kwenye kompyuta ya serikali hajazaliwa," akasema, na hakusema kwa ukali. Nadhani alikuwa amechoka tu. Nikamtilia chai.

Akamwita mwanangu wa kiume asome ukutani. Mtoto akarudi chini ya meza na kunde zake. Silabi zile alizijua zote, alikuwa akizipigia kelele bafuni, lakini mbele ya kaki alifunga mdomo. Nilitamani sakafu inimeze. Chifu akamgeukia binti.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita," akajibu kabla swali halijatua.

"Na ile kengele ya Kengeleni, ilikuwa ya nini?"

Hapo nikatulia kidogo, kwa sababu tulikuwa tumeipitia juzi tu. Akamweleza: Frere Town, watumwa walioachwa huru, kengele ya kuwaonya watu wakati wa hatari. Chifu akamwongezea habari alizosikia kwa babu yake, nyingine zikipingana na zetu, na wakabishana kwa heshima mpaka mzee wa nyumba kumi akasahau kuangalia viatu vyake.

Kisha chifu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. "Mimi nilisomeshwa barazani kwa bibi yangu," alisema. "Juzuu ya Amma ya Kurani niliimaliza kabla sijajua lango la shule liko upande gani. Kwa hiyo usidhani siyajui haya. Lakini asubuhi nilikwenda shule, jioni chuoni kwa Kurani. Vyote viwili, mama."

Ningeweza kubishana naye kuhusu sheria. Kuhusu bibi yake sikuweza.

Ndipo akamuuliza binti yangu, kwa sauti ya babu na mjukuu: "Na wewe, mamangu, wapenda wapi? Hapa, au shule?"

Binti akatazama penseli yake. Akaigeuza. Nilikuwa na hakika. Mtoto huyu alikuwa akiniambia kila usiku kwamba anapenda hadithi zangu, kwamba nafundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote.

"Shule," akasema.

"Kwa nini?"

"Nataka kukaa na mwenzangu dawati moja. Na nataka sketi ya bluu."

Pakawa kimya. Halafu chifu akanusa. "Mama, mbaazi zinaungua."

Zilikuwa zimeungua kweli, sufuria nzima, nazi mbili. Nilipotoka jikoni macho yananiwasha, na yeyote akitaka kuamini ni moshi na aamini, walikuwa wamesimama wakiaga. Chifu akanipa mpaka muhula wa pili nimrudishe binti shule. Kisha akamtazama yule wa kaptura chini ya meza, akasema huyu bado mdogo, mwakani tutaonana.

Mume wangu alirudi kutoka bandarini usiku, nikamweleza yote huku nikimpakulia wali mkavu. Nikamwambia kwamba mtoto kaniaibisha mbele ya watu. Akatafuna kwanza. "Ulitaka aseme uongo mbele ya serikali?"

Sikuongea naye mpaka kesho yake. Nikaomba, lakini ilikuwa sala ya kugomba. Tangu mwanzo nilikuwa nimeegemea sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati, pale mzazi anapoambiwa awafundishe watoto wake akiwa ameketi nyumbani na akiwa anatembea njiani. Usiku ule niliifungua tena nikitafuta mahali ilipoandikwa kwamba sketi ya bluu ni kosa. Haipo. Wala hapakuandikwa kwamba ukimpeleka mtoto shule unakoma kumfundisha, jambo ambalo mume wangu alilisema akiwa tayari amelala nusu, nami nikajifanya sikusikia.

Kuhusu mwanangu wa kiume, sikuyumba wala sijayumba. Alianza kusoma alipotaka mwenyewe: pakiti za unga, majina ya matatu, bei zilizoandikwa kwa mkaa dukani. Angekuwa katika darasa lile la kufurika wangekuwa wameshampa jina, na jina la namna ile mtoto hulivaa miaka. Alikaa nami mpaka Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza shule zote zifungwe, na wanawake wa mtaa walioninong'ona wakaja mmoja mmoja kuniuliza wawaweke watoto wao wapi na wawaambie nini. Mzee wa nyumba kumi aliniletea wajukuu wawili. Nikawapokea, ningefanyaje?

Lakini hayo ni ya baadaye. Muhula wa pili ulipofunguliwa nilimfunga binti nywele, nikamvalisha sketi ya bluu iliyomzidi kiuno tukaishika kwa pini, nikampeleka mpaka langoni. Aliingia bila kugeuka. Nikarudi nyumbani na kaka yake, tukafanya ibada ya watu watatu, na saa ya mkokoteni kijana wa maji akauliza, "Mhasibu yuko wapi leo?"

Jioni binti akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na rafiki, jina lake alilitaja mara nyingi mno. Akampanga kaka yake na mdogo wake mstari, akawafundisha kuinua mkono kabla ya kusema, akamtoa nje mdogo kwa kelele. Chakula alikula kwa haraka, kisha akafungua mkoba. Mtaala mpya ulikuwa ndio umeanza mwaka ule, nami sikuwa nimeambiwa unavyomhusu mzazi.

"Mama, tunataka chupa za plastiki, kamba na kadibodi. Tunatengeneza gari."

"Lini?"

"Kesho asubuhi. Na mwalimu amesema mzazi asaidie, apigwe picha akisaidia, halafu atume."